Kulizunguka Umbo au Kulizungusha: Istilahi za Mtazamo katika Programu za Kuchora Miundo, kwa Mifano ya Wilaya ya Rungwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tendo moja ambalo wahandisi wa miundo, wachoraji wa ramani za majengo na wanafunzi wa ufundi hulifanya mara nyingi wanapotumia kompyuta, yaani tendo la kubadili upande ambao umbo la vipimo vitatu linatazamwa kutokea. Tendo lenyewe huonekana dogo. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha kipanya, husogeza mkono, na jengo lililokuwa likionekana kwa mbele huanza kuonekana kwa ubavu, kwa nyuma au kwa juu. Hata hivyo, mtumiaji huyo akitakiwa aeleze kwa Kiswahili alichokifanya, ni rahisi kwake kusema kwamba "amelizungusha jengo". Kauli hiyo, ijapokuwa inaeleweka, haielezi kilichotokea. Jengo halikuzungushwa. Kilichohama ni mahali pa kutazamia.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu programu hizi huwa pia na amri nyingine ambayo kwa kweli hulizungusha jengo, na matokeo ya amri hizo mbili hayafanani hata kidogo. Amri ya kwanza huiacha hesabu ya jengo kama ilivyokuwa. Ya pili huibadilisha. Mtu anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili huwa amejinyima njia ya kumwonya mwenzake.

Aidha, suala hili linahusu mawasiliano zaidi ya ofisi. Katika Tanzania, programu za kuchora miundo hutumiwa kwa kawaida kwa Kiingereza, na vyuo vya uhandisi hufundisha kwa lugha hiyo, ilhali mazungumzo kwenye eneo la ujenzi huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila mchoro hufikia hatua ambapo ni lazima uelezwe kwa Kiswahili kwa fundi atakayeutekeleza. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Sarufi yake, hasa unyambulishaji wa vitenzi na kiambishi cha mtendwa, inatofautisha waziwazi kati ya kulizunguka umbo na kulizungusha. Kinachohitajika ni tofauti hiyo iliyopo katika lugha ya kila siku ipewe hadhi ya istilahi.

Mifano imechukuliwa kutoka Tukuyu na Wilaya ya Rungwe kwa ujumla, mkoani Mbeya. Eneo hilo lina milima ya volkano, mabonde na miteremko mingi, na lipo mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Katika ardhi ya namna hiyo, jengo linalotazamwa kwa upande mmoja tu haliwezi kueleweka.

2.0 Upungufu wa Picha Bapa

Kioo cha kompyuta, kama karatasi, kina vipimo viwili tu: upana na kimo. Umbo lenye vipimo vitatu linapochorwa juu yake, kipimo kimoja, yaani kina, hupotea. Upotevu huo si wa programu fulani. Ni wa picha bapa yoyote ile. Mwanasayansi wa Uswisi, Louis Albert Necker, aliueleza mwaka 1832 alipoonyesha kwamba mchoro wa mistari mitupu wa umbo lenye nyuso sambamba huweza kusomwa kwa namna mbili: uso unaodhaniwa kuwa wa karibu hugeuka ghafla ukaonekana kuwa wa mbali, ingawa hakuna mstari uliobadilika. Mchoro wa fremu ya jengo, wenye nguzo na boriti zilizochorwa kwa mistari mitupu, una tatizo hilohilo.

Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba wa volkano linalokatiza juu ya Mto Kiwira, linafaa kuwa mfano. Mtu akilitazama kutoka juu kabisa, huona ukanda wa mwamba unaounganisha kingo mbili. Hawezi kujua kama chini yake ni imara tupu au ni uwazi. Akishuka ukingoni na kulitazama kwa ubavu, huona tao na maji yanayopita chini yake, lakini hawezi kujua upana wa daraja. Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja inaficha kile ambacho nyingine inakionyesha.

Ufumbuzi wa zamani wa tatizo hili ni kuchora picha kadhaa za kitu kimoja. Mfaransa Gaspard Monge aliuwekea utaratibu huo misingi ya kijometri katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1795. Ramani ambayo fundi wa Tukuyu huipokea leo hufuata utaratibu huo: kuna mchoro wa kutoka juu, michoro ya mbele, nyuma na ubavuni, pamoja na mchoro wa mkato. Lakini utaratibu huo humtwika msomaji kazi ya kuziunganisha picha hizo akilini. Kazi hiyo ina gharama inayopimika. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1971, Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kwamba muda ambao mtu huuhitaji ili kutambua kuwa michoro miwili ni ya umbo moja huongezeka kadiri pembe iliyopo kati ya michoro hiyo inavyoongezeka.

Kompyuta ilipunguza mzigo huo. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha programu ya uchoraji iliyoitwa Sketchpad, na mwaka huohuo Timothy Johnson akaiendeleza hadi kwenye maumbo ya vipimo vitatu. Kuanzia hapo picha nyingi za Monge ziliweza kuwa picha moja inayobadilika. Mtazamaji anapobadili upande polepole, sehemu za karibu huonekana kusogea tofauti na zile za mbali, na kina kilichopotea kikarudi machoni kwa njia ya mwendo. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuwapo kwa amri ya kubadili mtazamo.

3.0 Mlima na Msafiri

Kabla ya kuingia katika utendaji wa programu, inafaa kuangalia namna Kiswahili kinavyoeleza tukio kama hilo nje ya kompyuta. Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Tukuyu hupita Isongole, kisha Kiwira, na baadaye huingia Tukuyu. Njia hiyo hupita kando ya Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960. Akiwa Isongole, mlima huo upo kusini-mashariki mwake. Akifika Kiwira, upo mashariki. Akiwasili Tukuyu na kutazama nyuma, anaukuta upo kaskazini. Katika safari hiyo fupi, sura ya mlima imebadilika mara kadhaa: kilele kilichoonekana kimoja kimejitenga, na mabonde yaliyokuwa yamejificha yamejitokeza.

Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayesema kwamba dereva wa basi ameuzungusha mlima. Atasema kwamba barabara inauzunguka mlima, au kwamba abiria wameuzunguka mlima. Kiambishi "u" kinachowakilisha mlima kinaonyesha kuwa mlima umetulia katikati, na mwendo ni wa yule anayeuzunguka.

Lugha ya masomo ya sayansi katika shule za msingi ina tofauti hiyo pia. Husemwa kwamba dunia hujizungusha katika mhimili wake, na kwamba hulizunguka jua. Mofimu mbili, yaani kiambishi rejeshi "ji" pamoja na kauli ya kutendesha upande mmoja, na kiambishi cha mtendwa "li" upande wa pili, zinatosha kutenganisha usiku na mchana na majira ya mwaka. Mwanafunzi wa Rungwe aliyekwishalielewa somo hilo anayo tayari sarufi ya kuielewa programu ya kuchora miundo.

4.0 Utendaji wa Programu

4.1 Mihimili ya Umbo na Mihimili ya Mtazamaji

Kila umbo katika programu hizi huhifadhiwa kama orodha ya nukta, na kila nukta ina namba tatu zinazopimwa kutoka kwenye asili moja. Kwa kawaida namba ya kwanza na ya pili hueleza mahali juu ya ardhi, na ya tatu hueleza kimo. Nukta yenye namba 6, 0 na 3, kwa mfano, ipo mita 6 kuelekea mashariki, haikwenda kaskazini, na ipo mita 3 juu ya usawa wa sakafu.

Mtazamaji naye huwakilishwa kwa mambo matatu: mahali alipo, mahali anapopatazama, na upande ambao kwake ni juu. Programu hutumia taarifa hizo kutengeneza jedwali la namba kumi na sita, safu nne kwa nne, ambalo hutumika kukokotoa mahali pa kila nukta juu ya kioo. Mtumiaji anapobadili mtazamo, jedwali hilo ndilo hubadilika. Orodha ya nukta haiguswi. Nukta ya 6, 0 na 3 hubaki 6, 0 na 3, hata kama juu ya kioo imehama kutoka kona moja hadi nyingine.

Umbo lenyewe likizungushwa, mambo huwa tofauti. Nukta ileile ikizungushwa nyuzi 90 kuuzunguka mhimili wa mashariki, namba zake huwa 6, -3 na 0. Kimo cha mita 3 kimetoweka na kugeuka kuwa umbali wa mlalo. Juu ya kioo, picha inayopatikana huweza kufanana kabisa na ile ya mtazamaji aliyebadili mahali pa kutazamia. Kwa macho peke yake, mtumiaji hawezi kutambua ni lipi kati ya mambo hayo mawili limetokea. Katika programu ya AutoCAD, kwa mfano, amri ya ROTATE3D hubadili namba za umbo, ilhali 3DORBIT hubadili mtazamo tu.

4.2 Mpangilio wa Mizunguko

Jambo la pili linalohitaji uangalifu ni mpangilio. Mizunguko miwili katika mihimili tofauti haiwezi kubadilishana nafasi bila kuathiri matokeo. Chukuliwe fimbo inayoelekea mashariki. Ikizungushwa kwanza nyuzi 90 kuuzunguka mhimili wa wima, kinyume cha mwendo wa saa, itaelekea kaskazini. Kisha ikizungushwa nyuzi 90 kuuzunguka mhimili wa mashariki, itasimama na kuelekea angani. Mpangilio ukigeuzwa, mzunguko wa kwanza hautaibadili fimbo, kwa kuwa imelala juu ya mhimili wenyewe. Wa pili utaielekeza kaskazini, na hapo ndipo itakapobaki. Pembe ni zilezile, lakini katika hali ya kwanza fimbo imesimama na katika ya pili imelala.

Kwa sababu hiyo, programu hutumia njia mbili kuu za kumwongoza mtumiaji. Katika njia ya kwanza, mhimili wa wima wa jengo hubaki wima juu ya kioo. Kipanya kikisogezwa kulia au kushoto, mtazamaji hulizunguka jengo kama mtu anayetembea uani. Kikisogezwa juu au chini, mtazamaji hupanda au hushuka. Katika njia ya pili, umbo huonekana kama lililofungwa ndani ya mpira unaoviringishwa kwa kiganja, na huweza kulala upande wowote. Njia ya kwanza huwafaa zaidi wajenzi, kwa kuwa jengo halisi lina juu na chini yake, na uzito huelekea upande mmoja tu.

Njia ya kwanza, hata hivyo, ina udhaifu wake. Mtazamaji anapokuwa juu kabisa ya jengo, akitazama chini wima, kuzunguka na kujigeuza mwenyewe huwa kitu kimoja, na uhuru mmoja wa mwendo hupotea. Hesabu inayoliepuka tatizo hilo ilitokana na kwaternioni, namba zenye sehemu nne zilizobuniwa na William Rowan Hamilton mjini Dublin mwaka 1843. Namba hizo zilienea katika michoro ya kompyuta baada ya Ken Shoemake kueleza matumizi yake mwaka 1985.

4.3 Kitovu na Mkato

Mtazamaji hawezi kuzunguka bila kuwapo kitu cha kuzungukwa. Programu huweka nukta moja kuwa kitovu. Kitovu kikiwa katikati ya jengo, jengo hubaki machoni. Kikiwa mbali, mwendo mdogo wa mkono hulitupa jengo nje ya kioo. Mtumiaji anayelalamika kwamba jengo "limepotea" mara nyingi hajakosea mwendo; amesahau kuchagua kitovu.

Aidha, ieleweke kwamba kulizunguka umbo hakufichui kila kitu. Ngozi, katika safu ya Milima ya Poroto, huonekana kwa mtu aliye barabarani kama kilima kirefu chenye msitu. Hata akiuzunguka mlima huo chini, hataliona ziwa lililomo ndani ya kasoko yake mpaka apande ukingoni. Vivyo hivyo, nondo zilizomo ndani ya nguzo ya zege hazionekani kwa kulizunguka jengo, huhitaji mkato.

5.0 Mfano wa Jengo la Mteremkoni

Umuhimu wa maelezo yaliyotangulia hudhihirika zaidi katika mfano wa ujenzi. Chukuliwe jengo la kubuni la darasa, linalokusudiwa kujengwa kwenye mteremko karibu na Tukuyu. Sakafu yake ni ya usawa, lakini ardhi inashuka kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa hiyo nguzo zinazoishikilia sakafu si za urefu mmoja: za upande wa mlimani zina urefu wa mita 1.5, na za upande wa bondeni zina mita 3.

Mchoro wa mbele wa jengo hilo huonyesha safu ya nguzo za bondeni, zote zikiwa na mita 3. Nguzo fupi zimejificha nyuma yake, mstari juu ya mstari. Mtu asiyebadili mtazamo ataona jengo lenye nguzo zinazolingana. Mtazamaji akilizunguka jengo kwa nyuzi 90, hali halisi hujitokeza: nguzo za nyuma ni nusu ya zile za mbele.

Jambo hilo si la sura tu. Ukinzani wa nguzo dhidi ya nguvu ya mlalo, iwapo nguzo hizo zina unene mmoja, zimetengenezwa kwa zege moja na zimeshikwa kwa namna moja juu na chini, hupungua kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Nguzo yenye nusu ya urefu huwa ngumu mara 8 zaidi. Tetemeko linapoisukuma sakafu, nguzo zote hulazimika kusogea pamoja. Kwa hiyo zile ngumu hubeba sehemu kubwa kupita kiasi ya nguvu hiyo, na ndizo hupasuka kwanza. Nguzo fupi, inayodhaniwa kuwa salama kwa sababu ya ufupi wake, huwa ndiyo iliyo hatarini.

Katika eneo hili hatari hiyo si ya kinadharia. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa katika Afrika Mashariki. Mnamo Desemba 2009, mfululizo wa matetemeko katika eneo la Karonga nchini Malawi, kusini ya mpaka wa Mto Songwe, uliharibu nyumba nyingi. Mchoraji ambaye hakulizunguka jengo lake kwenye kioo anaweza kuiacha kasoro ambayo haitaonekana tena mpaka siku ya tetemeko.

Mfano huohuo huonyesha hatari iliyo kinyume. Mtumiaji akitaka kuona nguzo za nyuma, lakini akatumia amri ya kulizungusha umbo na kulilaza, picha atakayoiona itakuwa ileile aliyoitaka. Lakini katika hesabu, uzito huendelea kuelekea chini ya mihimili mikuu ya programu. Nguzo zilizosimama sasa zimelala. Uzito wake unazipinda badala ya kuzikandamiza. Programu itakokotoa bila kusita na kutoa majibu yenye desimali nyingi, ambayo ni majibu ya jengo lililoanguka ubavu. Mkaguzi makini ataligundua kosa hilo, lakini ataligundua haraka zaidi ikiwa aliyelifanya anaweza kusema kwa usahihi alichokifanya.

6.0 Kuelekea Istilahi

6.1 Vitenzi

Juhudi za kuipa sayansi istilahi za Kiswahili si ngeni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 programu za ofisi za Jambo OpenOffice zilitolewa kwa Kiswahili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Juhudi za namna hiyo ni msingi mzuri, lakini maneno ya barua na majedwali hayatoshi kwa maumbo ya vipimo vitatu, ambako swali la nani anayesogea hujitokeza katika kila amri.

Katika suala hili, shina la "zunguka" linapaswa kugawanywa kwa utaratibu. "Kulizunguka umbo" kuwe ni tendo la mtazamaji, na umbo libaki limetulia. "Kulizungusha umbo" kuwe ni tendo la kubadili namba za umbo lenyewe. Kiambishi cha kutendesha kinaonyesha kwamba mtumiaji amelifanya umbo litende. "Kujigeuza" kuwe ni tendo la mtazamaji anayebaki mahali pake na kubadili upande anaoutazama, kama mtu aliyesimama katikati ya chumba. Hivyo, vitendo vitatu ambavyo huchanganywa hupata vitenzi vitatu.

Nomino zinahitaji tahadhari zaidi. Neno "mzunguko" limekwisha kubeba mengi: kuna mzunguko wa damu, wa maji, wa fedha na wa umeme. Likitumiwa peke yake kama istilahi, litarudisha utata uleule. Makala haya yanapendekeza "mzunguko wa mtazamaji" kwa tendo la kwanza na "uzungushaji wa umbo" kwa la pili. Nomino "uzungushaji" huhifadhi kiambishi cha kutendesha, na kwa hiyo huhifadhi pia onyo kwamba kuna kitu kilichofanywa kibadilike.

Kanuni hiyohiyo huweza kupanuliwa. "Kulikaribia umbo" ni tofauti na "kulikuza umbo": katika la kwanza mtazamaji amesogea, katika la pili nguzo ya mita 3 imekuwa ndefu zaidi. Hali kadhalika, "kusogea pembeni" ni tofauti na "kulisogeza umbo". Katika jozi zote, kitenzi kisicho na kiambishi cha kutendesha ni cha mtazamaji, na kilicho nacho ni cha umbo. Mwanafunzi akiishika kanuni hiyo moja, hahitaji kukariri orodha.

6.2 Juu, Kulia na Mbele

Maneno ya mahali nayo yana utata wake. "Juu" huweza kuwa upande wa juu wa kioo au upande wa angani. Kadiri mtazamaji anavyotazama jengo kwa usawa, maana hizo mbili hulingana. Akilitazama kutoka juu, hutengana, kwa kuwa sehemu ya juu ya kioo sasa ni kaskazini au upande mwingine wowote. Inafaa kusema "juu ya kioo" kwa maana ya kwanza, na "kuelekea angani" kwa ya pili.

"Kulia" na "kushoto" ni maneno ya mtazamaji siku zote. Anayetoka Mbeya kwenda Tukuyu ana Mlima Rungwe upande wa kushoto. Anayerudi anao upande wa kulia. Fundi akiambiwa kwamba nguzo ya kulia ndiyo fupi, bila kuambiwa jengo limetazamwa kutoka wapi, maelezo hayo hayamsaidii. Mafundi wa maeneo ya miteremko wana maneno bora zaidi, "upande wa mlimani" na "upande wa bondeni", ambayo hayabadiliki kwa mtazamaji kuhama. Maneno hayo, pamoja na majina ya dira, yanastahili kuandikwa kwenye michoro.

Neno "mbele" ndilo gumu kuliko yote. "Mbele ya nyumba" ni upande wa mlango wake, popote alipo mtazamaji. "Mbele ya Kiwira", katika kinywa cha msafiri, ni mahali anapofika baada ya kuipita Kiwira. Msemaji mmoja anatumia neno moja kwa kufuata uso wa kitu katika hali ya kwanza, na mwelekeo wa safari katika hali ya pili. Katika michoro, "mbele" ihifadhiwe kwa uso wa jengo, na pande nyingine zitajwe kwa dira.

6.3 Ngeli za Mahali

Hatimaye, ngeli za mahali za Kiswahili, yaani pa, ku na mu, hutoa njia nyepesi ya kufundishia. Ngeli hizo zimo pia katika Kinyakyusa, lugha ya kwanza ya wanafunzi wengi wa Rungwe. Kabla ya kuanza kuzunguka, mtumiaji hana budi kujibu maswali matatu. Ni mahali gani hasa panapozungukwa? Hilo ni suala la "pa", mahali mahususi, yaani kitovu. Mtazamo unaelekea kuelekea wapi? Hilo ni suala la "ku", yaani mwelekeo. Je, mtazamaji yumo ndani ya jengo au yuko nje? Hilo ni suala la "mu". Mtumiaji anayeweza kuyajibu maswali hayo hapotezi jengo kwenye kioo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kubadili mtazamo katika programu za kuchora miundo ni njia ya kurudisha kina ambacho picha bapa hukipoteza, na kwamba tendo hilo ni la mtazamaji, si la umbo. Yameonyesha pia kwamba kuchanganya tendo hilo na lile la kulizungusha umbo huweza kuathiri hesabu ya uzito, na kwamba kutolizunguka umbo huweza kuficha nguzo fupi ambayo ndiyo itakayovunjika kwanza wakati wa tetemeko.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba tofauti inayohitajika imo tayari katika sarufi ya Kiswahili na katika matumizi ya kila siku, kuanzia darasa la sayansi hadi barabara ya Isongole. Kazi inayobaki kwa wanaistilahi ni kuiratibu, na kwa walimu wa ufundi ni kuitumia bila kuyumba, hata pale ambapo programu yenyewe iko katika Kiingereza. Mhandisi atakayemwambia fundi kwamba "nimelizunguka jengo, na upande wa mlimani nguzo zake ni fupi" atakuwa amesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba jengo liko kama lilivyokuwa, na kwamba kuna kitu ambacho mchoro wa mbele haukukionyesha.